Maneno ya Ivy

Saa ya Everlyn ilikuwa alasiri. Sulaiti, mtoto aliyekuwa akimlea, akishakula na kufutwa mdomo, alikalishwa kwenye zulia la sebuleni na vigari vyake, na Everlyn akatoka balkoni, akauvuta mlango wa kioo nyuma yake mpaka ukafunga kabisa, kisha akaongea mpaka koo likamkauka. Jua la Al Nahda, Dubai, saa hiyo halina adabu. Nguo zilizoanikwa asubuhi zilikuwa zimekakamaa kwenye kamba, na mtu mwenye akili zake angebaki ndani kwenye kiyoyozi. Lakini saa hiyo ndiyo Ivy alipokuwa ametoka nasari kule Moi's Bridge, Kenya, amekula, na nyanyake ameshamwekea simu karibu.

Kupigiana simu kwa WhatsApp kulikuwa kumefungwa nchi hiyo, kwa hiyo kina mama waliokuja Dubai kufanya kazi walilea watoto wao waliobaki kwao kwa ujumbe wa sauti. Unaishika simu ikiwa imelala mbele ya mdomo kama mtu anayetaka kuing'ata, unabana kwa kidole gumba, unasema, unaachia, maneno yanaenda. Everlyn alianza kila mara kwa namna ile ile: "Ivy! Ivy wa mama!" Kisha akaendelea. Alimweleza Ivy habari za lifti inayosema yenyewe imefika ghorofa gani, za paka wa chini kwenye maegesho aliyezaa ndani ya katoni ya televisheni, za mvua iliyonyesha siku moja watu wakatoka nje kuipiga picha. Alimuuliza maswali, akaacha nafasi ya jibu, akacheka kana kwamba jibu limefika. Hakuna mama aliyekuwa na maneno kumshinda.

Na kwa Sulaiti, ambaye alikuwa upande wa pili wa kile kioo kwa muda wote huo, hakuwa na neno hata moja.

Tuelewane hapa mapema, kwa sababu mtu akisikia hivyo atadhani Everlyn alikuwa mkatili. Hakuwa. Hakuwahi kumfinya mtoto wala kumkaripia. Nepi ilibadilishwa kabla haijawa nzito, uji ulijaribiwa kwenye kiganja kabla haujafika mdomoni, na akina mama wa lile jengo walimwonyesha Everlyn kwa vidole kwa wivu. Madam Huda mwenyewe, mama wa mtoto, alimsifu mbele ya wageni: yaya aliyepita alikuwa kasuku, huyu ni mtulivu, humsikii. Everlyn alizipokea sifa hizo akiwa na sinia ya chai mkononi, akainamisha macho. Alijua utulivu wake umetengenezwa na nini.

Alipofika, Sulaiti alikuwa bado hajasimama. Madam alikuwa amemwambia mlangoni, kwa Kiingereza, kwamba mtoto aongeleshwe Kiingereza tu, maana shule za huko zinamhoji mtoto kabla hajajua kujifunga viatu. Ukoo wa Huda ulikuwa wa watu waliotoka Unguja zamani, Kiswahili walikuwa nacho nyumbani, lakini yeye alichekwa nacho utotoni na hakutaka kukisikia kwa mwanawe. Baadaye, Everlyn alipotaka kujitetea mbele ya nafsi yake, aliishika amri hiyo kwa mikono miwili. Kiingereza changu ni cha kubahatisha, alijiambia, ndiyo maana nikanyamaza. Uongo mtupu. Everlyn alimaliza kidato cha nne, na Kiingereza ndicho kilichomfaulisha.

Kilichotokea ni kingine. Wiki ile ya kwanza mtoto alikuwa akibwabwaja kutwa, ba-ba-ba, da-da-da, kama wafanyavyo wote. Siku moja, akimwogesha, Everlyn akamjibu vivyo hivyo, ba-ba-ba, na mtoto akacheka mpaka maji yakamwingia puani. Kilikuwa kicheko cha Ivy kabisa, cha kuanzia tumboni. Everlyn akaangua kicheko naye, wakaendelea hivyo, na ndipo kitu kikamkata moyo. Mwanangu yuko kwao anamlilia mama, na mimi hapa ninacheka na mtoto wa watu. Alimtoa majini, akamkausha, akamvisha. Tangu siku hiyo akaapa kimoyomoyo: mikono nitawapa, usingizi wangu nitawapa, maneno ni ya Ivy.

Akalishika neno lake. Mtoto alibwabwaja kwa muda, akitazama uso wa Everlyn kusubiri ajibu ili zamu yake irudi. Haikurudi. Akapunguza. Kisha akaacha. Everlyn aliusikia ule ukimya ukiingia nyumbani siku baada ya siku, na akajitia hamnazo.

Ubaya zaidi ulikuwa huu. Siku ya kuondoka Moi's Bridge, Ivy alikuwa na miaka mitatu na maswali ya mtu wa sabini. Alitaka kujua mama anakwenda kufanya nini huko mbali. Everlyn, mkoba begani na machozi yakiwa karibu, alitafuta jibu ambalo mtoto angelielewa.

"Kuna mtoto hajui kuongea," alimwambia. "Mama anaenda kumfundisha."

"Akijua?"

"Akijua, narudi."

Ivy aliona ni jambo la haki. Yeye mwenyewe alijua kuongea, kwa hiyo hakumhitaji mama kama yule asiyejua. Na tangu hapo, katika karibu kila ujumbe wa sauti alioutuma, aliuliza: "Mama, mtoto ameshajua?" Na Everlyn akajibu, "Bado, mama. Bado kidogo."

Sulaiti akapita miaka miwili bila neno. Huda alianza kwa kucheka, akaja kuuliza wenzake wa benki, kisha akaacha kulala. Fawaz, mumewe, alishinda kwenye maghala ya Jebel Ali na kurudi mtoto amelala. Yeye alisema wanaume wa kwao wote huchelewa, inshallah atasema. Wakapima masikio. Masikio mazima. Wakapelekwa kwa mtaalamu wa usemi, mwanamke mpole mwenye chumba kilichojaa vitu vya kuchezea, na Everlyn akachukuliwa ili amshike mtoto.

Mtaalamu aliuliza mengi, kisha akauliza, "Mchana huyu huongeleshwa na nani?"

"Yaya wake," Huda akajibu haraka, kama mtu anayetaja kitu kizuri alichonunua. "Humsemesha Kiingereza. Sivyo, Everlyn?"

Wote wawili wakamgeukia.

"Ndiyo, madam," Everlyn akasema. "Kutwa nzima."

Uso ulimwaka moto. Alidhani wangeuona, lakini mtaalamu alikuwa ameshageuka kumtazama Sulaiti. Mtoto alikuwa ameokota kipande cha mbao bapa. Alikwenda nacho mpaka dirishani, akawapa watu wote ubavu, akakiinua kikiwa kimelala mbele ya mdomo, kidole gumba juu yake. Midomo ikaanza kucheza. Sauti haikutoka hata chembe. Alipanua mdomo, kisha akashusha meno ya juu juu ya mdomo wa chini, akauvuta mdomo pembeni kama mtu anayetabasamu. Akarudia. Akarudia tena. Akatikisa kichwa, akacheka bila sauti, kisha akainua kidole gumba kwenye mbao, akaishusha.

"Anaigiza kitu," mtaalamu akasema, akiwa amekunja uso. "Hajaribu hata kutoa sauti. Nyumbani kuna mtu anayeongea bila sauti?"

"Hapana," Huda akasema, na sauti yake ilikuwa imeanza kupasuka.

Everlyn alishika ukingo wa kiti. Mdomo wazi, meno juu ya mdomo wa chini, tabasamu. Alijua ni neno gani. Ni yeye aliyemzaa mwenye jina hilo. Mtoto huyu, siku zote alizokuwa akimwona amesimama kwenye kioo na pua imebanwa, akadhani anatazama nguo zinavyopepea, alikuwa darasani. Alikuwa amejifunza kuongea vilevile alivyofundishwa: unashika kitu, unajitenga na watu, unachezesha midomo, na hakuna anayekusikia.

Mtaalamu alisema ingefaa mtoto apigwe picha ya ubongo, ili wawe na hakika. Kwa kuwa mtoto wa umri huo hatulii, angepewa dawa ya usingizi. Wakapangiwa Jumapili. Kwenye teksi Huda alimkumbatia Sulaiti akatazama nje, na machozi yakawa yanamdondoka bila yeye kuyapangusa. Everlyn alikaa mbele karibu na dereva. Alikuwa na neno moja la kusema na barabara nzima ya kulisemea, na hakulisema.

Kesho yake, nyumba ilipobaki ya wawili, alijaribu kuirekebisha peke yake, kimyakimya, kama mtu aliyevunja kikombe anavyotafuta gundi kabla wenyewe hawajarudi. Alichuchumaa mbele ya Sulaiti. "Hiki kigari," akasema. Sauti yake mwenyewe ikamshtua. Mtoto alimtazama mdomo kwa mshangao, kisha akatazama nyuma yake kuona anasemeshwa nani. Halafu akarudi kwenye vigari. Everlyn akakaa sakafuni akalia, mkono mdomoni, mpaka chakula kikaungua.

Ijumaa ilikuwa siku yake ya mapumziko. Alikwenda kanisani kule Jebel Ali, akaimba bila kujua anaimba nini, na baada ya ibada akamvuta pembeni Teresiah, rafiki yake aliyesuka nywele kwenye saluni ya Satwa, akamweleza yote. Teresiah alimsikiliza huku anakula sambusa.

"We Everlyn, uko sawa kweli?" alisema mwishowe. "Ukifungua mdomo, kesho uko kwa ndege. Na Ivy atakula nini, hiyo kuongea ya Sulaiti? Nyamaza, my dear. Brother yangu alianza kuongea akiwa na four years na saa hii ni councillor, hanyamazi."

"Watamlaza kwa dawa, Terry. Wampige picha kichwa. Na mimi najua hakuna kitu kwa kichwa."

"Wewe ni daktari?"

Hilo lilikuwa swali la kweli. Labda mtoto alikuwa na shida nyingine. Labda ukimya wake yeye haukuwa na uzito wote huo. Alikaa na hizo labda kwenye treni nzima kurudi. Zilimfaa kwa vituo vichache tu. Kila alipofumba macho, alikiona kile kidole gumba kidogo kikiinuka kwenye mbao.

Alipofungua mlango wa nyumba alipokewa na harufu ya udi. Ijumaa ndiyo siku aliyokuja Bi Kuruthum, mama yake Huda, mwanamke mkubwa wa Unguja asiyejali katazo la binti yake. Alisema Kiswahili chake nyumba nzima na Huda akamjibu Kiingereza. Leo alikuwa amekaa kwenye kochi, Sulaiti mapajani, na mkononi ameshika sahani nyeupe. Alikuwa ameleta kombe: aya zimeandikwa sahanini kwa zafarani, zikaoshwa kwa maji ya waridi, na sasa mtoto anyweshwe maji hayo ili ulimi wake ufunguke. Huda, ambaye siku zote aliwaambia watu kwamba mambo hayo ni ya kizamani, alikuwa amepiga magoti mbele yao na amejifunika kichwa, akisubiri. Maji ya manjano yalikuwa yakicheza kwenye sahani.

"Bismillahi, kunywa, mjukuu wangu," bibi akasema.

"Bibi, ngoja," Everlyn akasema. "Usimpe."

Wakainua vichwa. Everlyn alikuwa bado na viatu. Alifungua mdomo aseme, na yeye, mwenye maneno ya kujaza balkoni nzima, akakosa pa kuanzia. Basi akafanya alichokiweza. Alipita sebuleni mbele yao, akatoka balkoni, akauvuta mlango wa kioo mpaka ukafunga kabisa. Akatoa simu. Akaishika ikiwa imelala mbele ya mdomo.

"Ivy," akasema. "Ivy wa mama."

Ndani, Sulaiti aliteleza kutoka mapajani mwa bibi yake. Alikwenda moja kwa moja kwenye meza, akachukua rimoti, akaja akasimama kwenye kioo mahali pake pa siku zote. Akaiinua. Mdomo ukapanuka, meno yakashuka, tabasamu. Everlyn akasema tena, na mtoto naye tena. Wakasimama hivyo, kioo katikati, midomo yao ikienda sawa, mpaka Everlyn akashindwa kuendelea kwa kilio.

Nyuma ya mtoto alimwona Huda akisimama polepole. Mkono ulikuwa mdomoni. Kisha mkono ukashuka na Huda akawa anasema kitu, anasema sana, kwa hasira, na Everlyn hakusikia hata neno. Aliona midomo tu. Ndipo alipojua vizuri alichokuwa amemfanyia yule mtoto.

Huda akauvuta mlango kwa nguvu. Kiingereza chote kilikuwa kimemtoka. Kilichobaki ni lugha aliyoikataa.

"Weye! Mwanangu umemfanya bubu? Kutwa nzima, uliniambia! Mbele ya daktari!"

"Nilidanganya, madam."

"Kwa nini? Nimekukosea nini mie? Nimekupiga? Nimekunyima chakula?"

"Hapana, madam. Hujanikosea."

"Basi kwa nini? Na huko nje wasema na nani?"

"Na mtoto wangu. Ivy."

Huda aliuachia mlango. Alikuwa ameambiwa siku ya kwanza kwamba Everlyn ana mtoto. Alikuwa ameitikia, akasahau. Tangu hapo hakuwahi hata kumuuliza jina.

"Niliona nikimwongelesha Sulaiti, namnyang'anya Ivy," Everlyn akasema. "Nikaona maneno yangu ni ya mtoto wangu. Nikamnyima huyu. Najua ni vibaya. Nilijua kila siku. Nisamehe, madam. Msimlaze kwa dawa kwa sababu yangu."

Bi Kuruthum alikuwa hajainuka kwenye kochi. Aliweka sahani ya kombe mezani taratibu, asimwage.

"Kumbe maneno unayo, mwanangu," alisema.

"Ninayo, Bibi."

"Tele?"

"Tele."

"Sie tulikaa hapa tunamwomba Mungu amfungue ulimi mtoto, na weye umeufunga kwa mkono wako." Alisema bila kupaza sauti, na ndiyo maana yalimchoma. "Usimwombe msamaha huyu Huda. Huda mtu mzima, atajijua. Mwombe Sulaiti, na umwombe kwa maneno, umsemeshe."

Fawaz, alipopigiwa simu, alisema khalas, imetosha, arudishwe kwa wakala kesho asubuhi. Everlyn alikuwa chumbani mwake anakunja nguo aliposikia hatua za Huda. Hakuingia ndani. Alisimama mlangoni na macho mekundu.

"Utabaki," Huda alisema, kwa Kiingereza tena. "Sijakusamehe. Utabaki mpaka mwanangu aseme. Sema naye lugha yoyote. Akishasema, tutaona la kufanya na wewe."

Picha ya ubongo iliahirishwa. Mtaalamu alielezwa, wala hakumpigia kelele, ingawa Everlyn angependelea kelele. Alisema watoto hawafanani. Huenda huyu angechelewa hata angelelewa na kasuku kumi. Hakuna awezaye kuapa. Huda alimletea Everlyn maneno hayo kama mtu anayejaribu kuwa mwadilifu. Everlyn alisema ahsante, madam, lakini hayakumpunguzia kitu. Yeye ndiye aliyeusikia kule kubwabwaja kukifa.

Basi akaanza kusema. Alisema tangu mtoto anafungua macho. Hiki kitunguu, Sulaiti, kinaliza watu wazima. Hii soksi imemkimbia mwenzake. Lifti inasema ghorofa ya tisa, muongo mkubwa, tuko ya nane. Alimshusha chini akamwonyesha paka, akamsimulia ile katoni. Zile habari zote alizokuwa amempa Ivy kupitia simu alizipa sura na mikono, akampa huyu aliyekuwa karibu. Mlango wa balkoni sasa ulikaa wazi, na ubaridi wa kiyoyozi ukapotelea nje, na Huda hakusema neno juu ya hilo. Jioni Huda naye alianza kurudi mapema kila alipoweza, akakaa sakafuni na sketi yake ya benki, akauliza kwa aibu, "Hiki mnakiitaje?" Mara nyingine alilijua jibu kabla hajajibiwa.

Kwa muda mrefu Sulaiti alisikiliza tu. Halafu siku moja Everlyn akiwa anamenya viazi, alisikia nyuma yake sauti ndogo, ya kukwaruza, ya kitu ambacho hakijatumika. Mtoto alikuwa amesimama na rimoti mbele ya mdomo.

"Ai-vi," alisema.

Kisu kilimwanguka Everlyn. Huda aliposimuliwa jioni, neno la kwanza la mwanawe ni lipi, aliitikia kwa kichwa, akasema vizuri, alhamdulillahi. Kisha akaingia bafuni akafungulia maji, na maji yakakimbia muda mrefu. Alikuwa amelingoja neno mama. Everlyn alisimama koridoni na taulo mkononi, hajui auweke wapi uso wake.

Baada ya hilo mengine yalikuja kwa fujo. Mama likaja, na Huda akalilia hilo pia. Paka likaja, na yalla ya kuharakisha watu, na sitaki, hasa sitaki. Bi Kuruthum akawa anakuja hata siku zisizokuwa za Ijumaa, kumsikiliza akitukana soksi. Fawaz alimkuta macho akaitwa baba, na tangu hapo habari za wakala hazikutajwa tena. Mkataba ulipofikia mwisho, Huda alimwita Everlyn mezani, akamvutia kiti, jambo lisilokuwa la kawaida. Alisema Sulaiti ndiyo kwanza anachanua. Yaya mpya sasa hivi angemrudisha nyuma. Akaomba miaka miwili mingine. Aliomba kweli, hakuamuru. Na Everlyn, aliyemfikiria yule mtoto mwenye rimoti dirishani, aliona hana uso wa kukataa. Akakubali. Hakumwambia Ivy.

Alikuwa hamwambii mengi siku hizo. Ikifika alasiri, koo lilikuwa limeshatumika. Zile sauti ndefu zilikuwa zimefupika, na alipotaka kusimulia jambo, aliliona limeshasimuliwa. Ivy alilalamika mara moja, "Mama, siku hizi unaongea kidogo," kisha akazoea. Lile swali lake hakuliacha. Mtoto ameshajua? Everlyn aliendelea kujibu: bado kidogo. Alimdanganya hivyo huku Sulaiti akipiga kelele chumba cha pili.

Mpaka siku aliyokuwa amekaa balkoni, mlango wazi, Sulaiti mapajani akila tende. Alibana kitufe akasema kama kawaida, "Ivy! Ivy wa mama!" Kabla hajaendelea, mtoto akausogeza mdomo wake kwenye simu, akapaza sauti kama anayemwita mtu ng'ambo ya barabara.

"Aivi! Mimi Sulaiti! Nakula tende! Wewe unakula nini?"

Everlyn alishtuka, kidole kikaachia. Ujumbe ukaenda.

Jibu halikukawia. Everlyn aliliweka sikioni, lakini Sulaiti alivuta simu, kwa hiyo walilisikiliza wote wawili. Kwanza kulikuwa na pumzi ya Ivy tu, karibu sana na simu, kama alivyozoea. Kisha sauti yake, yenye furaha ya mtu aliyengoja zamu yake bila kusumbua mtu.

"Mama! Nimemsikia! Ameshajua kuongea! Ameshajua kabisa, hata maswali! Basi, umemaliza. Njoo sasa. Nyanya ameenda dukani, akirudi nitamwambia unakuja."

Ikaisha. Sulaiti alitazama simu, akamtazama Everlyn, akasubiri aseme kitu, maana sasa alijua kwamba watu wakisemeshwa hujibu. Everlyn alibana kitufe. Aliishika simu mbele ya mdomo, ikiwa imelala, na midomo yake ikacheza. Hakuna kilichotoka.

"Njoo," Sulaiti akasema kwenye simu, akilijaribu lile neno jipya. Likampendeza. "Njoo! Njoo, Aivi! Njoo!"

Everlyn aliacha kidole kikae pale hadi mtoto alipochoka kuita. Kisha akaachia, na sauti ya Sulaiti peke yake ikaenda Moi's Bridge.